Sijida ya Saumu

Saumu alimaliza kuvuta uradi, akaiachia tasbihi hewani mbele ya kifua chake. Ikaanguka sakafuni.

Mama yake, Bi Hidaya, akacheka mpaka akashika mbavu. "Huku vitu vinaanguka, mwanangu! Umeshaisahau dunia?"

Saumu naye akacheka. Alikuwa ameishi nusu mwaka katika chombo cha angani, mahali ambapo kitu ukikiachia kinaelea tu. Miguu yake ilikosa kazi huko, mifupa ikapungua nguvu. Tangu arudi aliswali kwenye kiti, maana kila akiinama alishikwa na kizunguzungu akaanguka. Na miezi yote ile alichokitamani ni kuweka paji la uso chini.

"Mama, leo nataka kusujudu. Sijida moja tu ya kushukuru."

"Shukuru hapo hapo kitini, Mungu anakuona. Ukianguka je?"

"Si utanidaka? Nilipokuwa mdogo ulinidaka."

"Wakati ule ulikuwa mwepesi, wewe!"

Saumu akashika ukuta, akashuka goti moja, kisha la pili. Chumba kikaanza kuzunguka. Akafumba macho, akasubiri kitulie, akaendelea kushuka polepole huku jasho likimtiririka. Bi Hidaya alikuwa amepiga magoti kando yake, mikono ameinyoosha juu ya mgongo wa binti yake bila kuugusa.

Paji la uso likafika kwenye mkeka. Saumu akabaki pale pale, uzito wake wote ameulaza chini, na mama yake hakumwambia ainuke.