Mtori wa Bethlehemu

Siku hizi filamu haziigizwi. Zinavunwa vichwani mwa watu, sura za waigizaji zinabandikwa juu yake tu, na kumbukumbu ikishavunwa haimrudii mwenyewe. Aikande alikwenda ukumbini Machame na mumewe kutazama kuzaliwa kwa Yesu. Maria alipojifungua, akaletewa bakuli la mtori, ule wa ndizi na nyama wanaopewa wazazi, ukumbi ukaangua kicheko.

"Jamani, kumbe Bethlehemu kuna migomba!" mmoja alidakia.

Aikande naye alicheka, mpaka sauti ilipomwambia Maria, "Kunywa, mkamwana, maziwa yashuke." Ilikuwa sauti ya mama mkwe wake.

"Baba Eliufoo," alinong'ona, "si uliniambia sikumbuki uzazi wangu kwa sababu ya sindano ya usingizi?"

"Sheria inamruhusu mume kusaini kwa niaba ya mkewe," mumewe alijibu, macho kwenye skrini. "Halafu hii si heshima? Mke wangu umekuwa Maria, bwana!"

Kichanga kikalia kwa mara ya kwanza. Watu wote wakabubujikwa na machozi ya furaha, Baba Eliufoo akiwatangulia. Aikande alikikodolea macho kile kichanga, akijaribu kukipenda.