Afya ya Panya Buku

Palikuwa na Panya Buku, bwege mmoja aliyeshindia vitumbua na mafuta ya kukaangia mpaka tumbo likafagia sakafu. Kila aliyemwona alimsifu, "Buku, una afya!" Naye kichwa kikavimba. Binamu yake Kipanya, mla mchicha asiyeishiwa mizunguko, akawa kichekesho chake.

"Majani waachie mbuzi, ndugu yangu. Wewe nani amewahi kukusifu?"

"Hakuna," Kipanya alijibu, huku akitafuna.

Mara Paka akatokea. Kipanya akachomoka, akapenya tunduni. Buku akafuata akihema: kichwa kikaingia, afya ikabaki nje.

"Nivute, ndugu yangu!"

Kipanya akamvuta masikio, wapi!

Paka akaipapasa ile afya taratibu.

"Hawakukudanganya, Buku," alisema. "Afya unayo."