Mke wa Pili wa Mzee Halfani

Asma alimwona kwa macho yake. Mume wake, Mzee Halfani, mtu mwenye wajukuu, kamkonyeza Salma, yule mjane muuza karanga, mchana kweupe pale Nzuguni.

"Shikamoo mzee. Jicho linaendeleaje?" Salma aliuliza.

"Marahaba. Zima kabisa!" Halfani akajibu, jicho moja kalifumba.

Zima gani! Wiki mbili nyuma ndiyo katoka hospitali. Ndani ya jicho palichanika, wakapagandisha kwa baridi kali ili pashikane. Daktari kamwambia, ukiona jambo geni rudi upesi. Njiani mzee akaapa: bora afe kuliko kurudishwa kwenye ile baridi.

Basi Asma akaanza kuchunga. Na nyie, mwanamke wa Kondoa akianza kuchunga, hata kuku hatagi bila yeye kujua.

Akampa chai. Mzee akanyoosha mkono, akashika hewa. Akili iko kwa mtu huyu, Asma akasema moyoni. Akimsemesha, mzee anajibu huku kaangalia pembeni, usoni hamtazami. Jioni akapishana na Salma njiani, akampitia mbali mpaka akatumbukia mtaroni. Eti anajifanya hamjui!

Ijumaa, mzee katoka msikitini, akakuta furushi limefungwa.

"Mama Masudi, safari ya wapi?"

"Kwetu Kondoa." Asma akalibeba. "Miaka thelathini na nane nimekuvumilia, Baba Masudi. Kabla sijatoka niambie kweli. Kuna mwanamke mwingine?"

Mzee akataka kukaa kwenye kigoda, nusura aanguke chini. Akabaki kasimama, kashika mlango.

"Yupo," akasema.

Machozi yakamtoka Asma. "Tangu lini?"

"Tangu siku niliyotoka hospitali. Niliogopa kukwambia."

"Kumbe nesi! Siyo Salma!"

"Siyo nesi, siyo Salma."

"Kanishinda uzuri?"

"Hapana. Mnalingana."

"Yuko wapi huyo? Mlete nimwone!"

Mzee Halfani akanyoosha kidole taratibu, pembeni ya bega la mkewe, penye ukuta mtupu.

"Huyo hapo. Naye kabeba furushi, na yeye pia analia."