Chafya ya Fundi Sauti

Nilikuwa nimepiga magoti, pini mdomoni, nikipima upindo wa gauni la mteja, mara mume wangu akapiga chafya.

"Afya, mzee," nikasema, na pini zikamwagika sakafuni.

Mteja akacheka. "Fundi, ni simu yangu inaita. Kwani hujaiona ile filamu ya vichekesho?"

Nimeiona. Mume wangu ndiye aliyeshika maikrofoni siku ya kuirekodi. Vumbi likamzidi, na mwongozaji akaona chafya yake inachekesha kuliko waigizaji wote, akaiacha. Baadaye ikaingia kwenye tangazo la sabuni, kisha kwenye wimbo wa vijana, na sasa inaita kwenye simu za watu. Mwenyewe tulimzika mwaka juzi, na nyumba imekuwa kimya hadi mende nawasikia wakitembea.

"Ngoja niizime, isikusumbue," mteja akasema.

"Acha tu. Huyo aliyekupigia, atapiga tena?"

"Dada yangu huyo. Akianza hachoki."

Upindo ulikuwa umekaa sawasawa. Nikachomoa pini zote, nikamwambia nimekosea kipimo, avumilie kidogo.