Ubuyu Hautafunwi

Tangu kuta zipewe masikio, meno yakisikika yakitafuna nje ya saa za chakula, jiko la nyumba nzima hufungwa wiki. Lakini ubuyu hautafunwi. Raya aliumung'unya kimya jikoni, roho mkononi, midomo imekolea wekundu.

Mara akaingia mama mkwe wake, Bi Mize, asiyejua kufunga mdomo. "Raya mwanangu, umesikia ya jirani? Yule bwana kumbe ame—"

Akaiona ile midomo. Raya akamnyooshea kifuko. Bi Mize akautupia ukuta jicho, mate yakamjaa, akachota konzi nzima akajitia kinywani.

Wakamung'unya, wametazamana.

Ukuta ukauliza kwa upole, "Bi Mize, yule bwana kafanyaje?"