Sanda ya Mtu Mzima

Uwanja wa ndege ulikuwa unaongezewa njia ya kurukia, na kila familia iliitwa kuhamisha makaburi yake. Bi Mwanatumu alikuja na sanda ya kumtosha marehemu mumewe, akakuta greda limeshang'oa mirehani yote iliyopandwa kuwa alama za makaburi.

Alizunguka kwenye udongo mtupu, kisha akaonyesha. "Hapa."

Wachimbaji wa uwanja walichimba. Ikatokea mifupa ya mtoto mdogo.

"Ndiye, mama?" mchimbaji aliuliza.

"Siye."

"Basi tumfukie. Saa nane greda linapita."

Bi Mwanatumu alitazama huku na huku. Hakuna aliyekuja kumuulizia mtoto yule. Akatandika sanda. Ilimzunguka mara nne na bado ikabaki, na nyuma yake greda likawashwa.