Pembe Zilizochomwa Kiberiti

Papa Polycarpe alimkuta Emmanuella amepiga magoti mbele ya kabati la diski, simu mkononi, akipiga picha. Si picha ya mwanamuziki aliye juu ya jalada, la. Pembe tu. Pembe ya jalada iliyochomwa kiberiti.

"Unafanya nini pale?"

Msichana aliruka. "Hakuna kitu, Papa. Kazi tu."

Kazi tu! Mtu wa kazi anarukaruka hivyo? Polycarpe alifunga kabati kwa kishindo, akabaki amesimama hapo mpaka msichana akaondoka.

Ilikuwa wiki ya tatu tangu kompyuta iletwe redioni, na Emmanuella aliajiriwa siku ileile ili aingize humo nyimbo zote, diski moja baada ya nyingine. Directeur Déogratias hakuzungusha maneno: kuanzia Jumatatu hakuna diski itakayoingia studio, na atakayeshindwa kuchezesha muziki kwa kompyuta ataachia kiti. Wote walijua ni kiti cha nani. Kwa miaka ishirini na mmoja, Polycarpe ndiye aliyechezesha nyimbo za salamu za saa sita. Mtangazaji akitaja wimbo, kabla hajafunga mdomo diski iko mkononi mwa mzee.

Wepesi huo ulitokana na alama alizotia kwenye majalada. Hapa pembe imechomwa, pale vitone vitatu vya rangi ya kucha ya marehemu mkewe, kwingine kikato cha wembe. Lakini diski ni mali ya redio, na sasa huyu mtoto wa juzi alikuwa anakusanya ushahidi kwamba mzee ameiharibu. Watamfukuza na aibu juu yake!

"Papa, hivi vitone vitatu ni vya nini?" Emmanuella alimuuliza kesho yake, kwa sauti ya upole iliyomuudhi zaidi.

"Ni panya."

"Panya inapakaka vernis ya kucha?"

"Ya hapa Bukavu iko na mambo mingi."

Jumatano mambo yakaharibika kabisa. Directeur alimkemea mbele ya watu kwa kukosa mkutano wa saa nne. Mkutano gani? Polycarpe alimwendea Emmanuella akiwaka.

"Juu ya nini hukuniambia?"

"Niliacha karatasi ku meza yako, Papa. Nilikuona ukiichukua."

Mzee alitia mkono mfukoni. Karatasi ilikuwamo kweli, imekunjwa vizuri.

"Karatasi! Mutu mukubwa banamuambiaka na mudomo. Redio ni masikio."

Hilo lilikuwa neno lake la siku zote. Hata barua za wasikilizaji zikifika na boti kutoka Idjwi, alimsukumia Fanny, mtangazaji: "Soma kwa sauti, redio ni masikio." Fanny alicheka na kusoma. Siku hiyo Emmanuella hakucheka. Alimtazama mzee kwa muda mrefu, kisha akashusha macho. Polycarpe hakulipenda jicho lile hata kidogo. Lilikuwa jicho la mtu aliyekwisha kupata alichokuwa anatafuta.

Tangu siku hiyo msichana alijifungia na kompyuta hata saa ya kula. Alirudi kabatini mara kumi kwa siku, akahesabu rafu, akachora kitu kwenye daftari. Polycarpe alipoingia ghafla, msichana alizima skrini palepale.

"Unanificha nini?"

"Utaona Jumatatu, Papa."

"Huyu mutoto anataka kunizika," mzee alimlalamikia Fanny.

"Ah non, Papa, unazidisha."

Anazidisha! Jumapili kanisani, wenzake wakiombea amani, Polycarpe aliomba courant ikatike, Bukavu ikae gizani wiki nzima. Mungu amsamehe.

Jumatatu courant ilikuwepo. Kabati la diski lilikuwa limefungwa kwa kufuli. Directeur alisimama nyuma ya studio, mikono kifuani. Mzee alikaa kwenye kiti chake, akakishika kwa mikono miwili, skrini mbele yake ikiwa bado nyeusi. Alimchukia yule msichana, na alijichukia mwenyewe zaidi kwa kuogopa hivyo.

"Tuko na maman mumoja wa Mudaka," Fanny alisema kwenye maikrofoni. "Bwana yake iko Shabunda anatafuta zahabu, mwaka muzima sasa. Anamutumia salamu, na ile rumba ya siku ya ndoa yao: *Christine, Ningoje Kidogo*."

Rumba ile Polycarpe angeipata hata usingizini. Rafu ya pili, mkono wa kushoto. Lakini sasa rafu ilikuwa nyuma ya kufuli. Alifumba macho. Nyuma yake alisikia kiatu cha directeur kikisogea, na pembeni mkono wa Emmanuella ukibonyeza kitu.

"Fungua macho, Papa."

Alifungua. Skrini yote ilikuwa picha ndogondogo, zimepangwa rafu kwa rafu kama kabati lake. Pembe iliyochomwa kiberiti. Kikato cha wembe. Na kwenye rafu ya pili, mkono wa kushoto, vitone vitatu vyekundu.

Kidole chake kilienda chenyewe. Rumba ikaanza.

Directeur aligeuka, akatoka. Emmanuella aliinama karibu na sikio la mzee.

"Nimetoa herufi zote, Papa, imebaki picha tu," alinong'ona. "Directeur nimemuambia ni décoration, mapambo tu."